Kikombe cha Mama Kimerudi

Frere Town,
Mombasa.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Lenox,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii inakukuta mzima, shinikizo la damu limeshuka kama daktari wako alivyoamuru, na miguu yako imekauka ndani ya viatu, maana nasikia huko Halifax hata Juni mtu hutembea na koti. Je, Elkana hajambo na masomo yake? Bado anakuja kwako mwisho wa wiki, au amekwisha kujua kwamba baba yake hana chakula?

Sisi huku hatujambo. Mvua zimekuwa nyingi, uani majani yameota mpaka kwenye ngazi, na paka wa Mama yungali hai, mnene kutushinda sote.

Baba hajambo. Hebu irudie sentensi hiyo, Lenox. Sikuandika kwamba anaendelea, wala kwamba tunamshukuru Mungu kwa kila hali, maneno niliyokuwa nikikuandikia miaka mitatu hii ili usishtuke. Naandika kwamba Baba hajambo, na aliyemponya ni wewe, kwa swali ulilouliza bila kujua unauliza nini. Tulia, nitafika huko. Kwanza nikujibu ulichoniomba.

Umesema umechoka na chakula cha maboksi, unataka kupika mwenyewe tangu mwanzo, na umeniuliza ununue vyombo gani. Ukaambatanisha picha ya ule mtambo wa kukaanga kwa upepo. Nimeitazama sana ile picha. Kama risiti unayo, urudishe dukani. Mtu asiye na kisu kinachokata nyanya bila kuiponda, mtambo ni wa nini?

Anza na kisu. Kimoja, kizito, pamoja na jiwe la kukinolea. Miaka ishirini na miwili niliyokaa jikoni kule hotelini Shanzu nimewaona wapishi wenye visu kumi na viwili ndani ya mkoba wa ngozi, na kila siku wanaomba changu. Tafuta na ubao mpana wa kukatia, utandikie kitambaa kibichi chini usiteleze. Vidole vyako navijua tangu utotoni, na sitaki kusikia habari zao kutoka hospitali.

Sufuria nunua mbili tu, lakini ziwe na kitako kizito. Zile nyepesi zinazong'aa zitakuunguzia wali chini huku juu ni mbichi, nawe utasingizia mchele. Moja ienee kuku mzima, nyingine iwe ya wali wa watu watatu, maana sipendi uzoee kupika wali wa mtu mmoja. Ongeza kikaango cha chuma, mwiko wa mti, upawa na chujio la matundu madogo. Kinu kidogo cha kutwangia iliki na saumu usikose, kwa sababu iliki ya unga ya dukani ni vumbi lenye jina zuri.

Blenda nunua bila aibu. Mama mwenyewe aliisifu mpaka mwisho wake, kwani mabega aliyamaliza kwenye kinu kikubwa kabla wewe hujazaliwa. Mti wa kusukumia chapati ukikosa, chupa iliyooshwa itakutosha kwa kuanzia. Mbuzi ya kukunia nazi sikulazimishi, maana nazi utakazozipata huko zitakuwa zimesafiri kukushinda wewe. Tumia tui la kopo, lile zito, na usimwambie Baba.

Sasa lile swali lako la mwisho, uliloliandika pembeni mwa karatasi kama jambo dogo.

Katika daftari la Mama, zile kurasa nilizokupigia picha, mkate wa mimina umeandikwa hivi: mchele vikombe vitatu, sukari kikombe kimoja, nazi mbili, hamira kijiko, mayai mawili, iliki kwa kadiri ya moyo wako. Nawe ukaniuliza: kikombe gani, dada? Huku dukani vipo vya kila kimo.

Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu naye! Kikombe si kile cha bati, kile kilichopima mchele wa nyumba hii tangu tukiwa watoto, na sasa hivi kipo rafuni kinanitazama?

Lakini kabla sijakueleza kilichofuata, nikiri jambo nililokuficha. Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa hataki chakula. Wali anadonoa, samaki anamgeuza upande huu na huu, kisha anarudisha sahani na kushukuru kwa adabu. Suruali zilimlegea hata akawa anazifunga kwa tai ya kanisani. Mwezi wa Machi daktari wa zahanati aliniita kando, akaniambia kwamba mzee wa miaka themanini na saba asipokula kwa hiari yake, itabidi alishwe kwa mpira wa puani. Sikukuandikia. Ungefanya nini huko, zaidi ya kukosa usingizi?

Kitu kimoja tu alikuwa akikiulizia, mkate wa mimina, ule wa Mama wa kila Jumapili na chai ya tangawizi. Nami kila Jumapili nilimpikia. Jumapili zaidi ya mia, Lenox! Kila mara anachukua kipande, anatafuna polepole, anakiweka chini na kuniambia, "Umejitahidi, mwanangu." Heri angenitukana.

Wewe wanijua. Mimi ndiye niliyepikia wageni mia tatu kwa siku moja na bado nikapata nafasi ya kumkaripia muuza samaki. Basi nikabadilisha mchele. Nikabadilisha muuza nazi. Nikabadilisha hamira, nikahama makaa nikaenda kwenye gesi, nikarudi makaani. Nikatoa hata mizani yangu ya hotelini, nikajaza kikombe, nikapima mchele wake, nikaziandika gramu kwa kalamu nyekundu ili nisikosee hata punje moja. Mkate ukatoka vilevile, mzito, mkavu, umejifunga.

Kanisani nako aibu. Rispa, mwenyekiti wetu wa akina mama, alianza kuuweka mkate wangu mwisho wa meza ya chai, nyuma ya birika, mahali ambapo mtu anafika akiwa ameshashiba. Niliona. Nikaanza kuamini kwamba mkono wa Mama umezikwa naye, na kwamba Baba atamfuata kwa njaa huku mimi, mpishi, nimesimama jikoni.

Ndipo barua yako ikafika. Jumanne iliyopita nikaketi uani na kile kikombe, jagi lenye mistari ya kipimo, na miwani yangu, nikitaka kukujibu kitaalamu. Baba alikuwa kwenye kiti chake kando ya mlango. Nikajaza kikombe maji, nikayamimina kwenye jagi, nikasoma kwa sauti: mililita mia nne na kumi.

"Dorothy," Baba akaita.

"Abee, Baba."

"Hicho ni kikombe cha nani?"

Nikamwambia ni cha Mama. Akanyoosha mkono, nikampa. Hakukitazama kwa nje hata kidogo. Alitia kidole ndani, akapapasa kitako chake, akazungusha kidole pembeni, kisha akanirudishia.

"Hiki si cha mama yako. Cha mama yako nilikitia kitako cha pili kwa mkono wangu."

Ulijua habari hiyo? Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita, sikuijua. Mwaka uliozaliwa wewe, kikombe kile kilitoboka chini kwa kutu, na Mama alikataa kununuliwa kingine kwa kuwa alikuwa amekizoea. Baba wakati huo alikuwa karakana ya reli, Changamwe. Badala ya kukiondoa kitako kibovu, alikata bati la duara, akalishusha ndani, akalilehemu juu ya kile cha kwanza, kimo cha upana wa kidole kimoja kutoka chini. Kwa nje hakuna ambaye angejua. Kwa ndani nafasi ilipungua, na Mama akajifunza upya mapishi yake yote kwa kikombe kilichopungua, na hayo ndiyo aliyoyaandika daftarini.

Umeona sasa? Nazi zilibaki mbili, mayai mawili, hamira kijiko. Lakini mchele na sukari nilikuwa nikivirundika kwa kikombe kisicho chake. Nilisimama pale na lile jagi mkononi, uso unaniwaka. Mpishi mzima wa hoteli, miaka mitatu, nilikuwa napima kosa kwa mizani na kuliandika kwa kalamu nyekundu!

Kilikwendaje, hicho cha Mama? Karatasi zako za uhamiaji hazikukuruhusu kuja kwenye matanga, kwa hiyo nikueleze. Vyombo vilitoka nyumba zote za jirani, kama desturi yetu, na kila nyumba ikatia alama yake chini kwa rangi ya kucha. Sisi nyekundu, Zubeda kijani, wengine zambarau na buluu. Zubeda unamkumbuka, mama yake Badi, muuza vitumbua ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Yeye alileta sufuria nne pamoja na kikombe chake cha bati cha kupimia mchele, kwa kuwa watu walikuwa wengi na kikombe kimoja hakikutosha.

Siku ya kuanua matanga, wasichana wa kwaya wakaamua kumheshimu Mama. Walisugua vyombo kwa mchanga na waya wa chuma hadi mtu angeweza kujitazama uso ndani yake. Vilipendeza kweli. Na alama zote zikatoka! Ikabidi vigawanywe kwa kukisia, na sisi tuliofiwa tulikuwa na nguvu gani ya kubishana juu ya kikombe?

Basi Jumanne hiyo nikatoka mbio, leso yangu kichwani na kikombe mkononi, nikagonga kwa Zubeda. Nilimkuta uani anakoroga rojo la vitumbua vya kesho. Ndani ya gunia lake la mchele kilikuwa kimesimama kikombe cha bati. Sikusalimia. Nikakichukua, nikatia kidole, na kidole kikagonga bati mapema.

Zubeda alitazama vikombe vile viwili, akanitazama mimi, akajiachia juu ya kibao chake. "Wallahi Dorothy! Miaka mitatu vitumbua vyangu vyalala! Nimelaumu nazi, nimelaumu chuma cha kukaangia, nikamlaumu na mkwe wangu kuwa ana jicho!"

Maana kikombe chake kilikuwa kwetu kikinizidishia mchele, na chetu kilikuwa kwake kikimpunguzia. Rojo lake likawa jepesi, akawa analikaza kwa unga wa ngano, na wateja wakawa wanamwambia kwa upole kwamba vitumbua vya siku hizi si kama vya zamani. Tulicheka hadi Badi akatoka ndani kuuliza kuna nini. Kisha tukalia kidogo, kwa sababu Mama naye angecheka. Tukarudishiana vikombe, na siku hiyohiyo Zubeda alikwenda kumwomba mkwe wake radhi, jambo ambalo halijapata kuonekana upande wowote wa ukuta huu.

Sasa sikiliza. Jumamosi niliroweka mchele vikombe vitatu, vile vya kweli. Nilipouona ulivyokuwa mdogo ndani ya bakuli, mkono uliniwasha kuongeza, nikajizuia. Nikakuna nazi mbili, nikakamua tui, nikasaga, nikatia sukari na hamira na iliki. Jana, Jumapili ya Pentekoste, niliamka nikakuta rojo limepanda limejaa mapovu. Nikapiga mayai, nikatia, nikamimina kwenye sufuria mbili, makaa machache chini na mengi juu ya vifuniko. Harufu ikatoka, Lenox! Ilikuwa harufu ya Jumapili zetu, sisi tumevaa soksi nyeupe, tumekatazwa kukaa chini.

Nikampelekea Baba na chai yake, nikajifanya napanga vijiko. Akachukua kipande. Akatafuna. Hakusema nimejitahidi. Akachukua cha pili. Akala na cha tatu! Halafu akaitazama sinia kwa ukali.

"Na lile ganda la ukingoni kapewa nani?"

Unalikumbuka ganda la ukingoni, lile la hudhurungi, tamu kushinda mkate wote, ambalo Mama alikuwa akimwekea yeye na sisi tukiliiba. Miaka mitatu hakuwahi kuliulizia. Nikampa, nikakimbilia uani, nikapiga vigelegele peke yangu kama mtu aliyeozesha binti. Na Zubeda, bila kuuliza, akanijibu kwa vigelegele kutoka ng'ambo ya ukuta. Nilishinda, Lenox. Sijui nilimshinda nani, lakini nilishinda.

Mkate wa pili niliupeleka kanisani. Rispa akauweka palepale nyuma ya birika. Vijana wa kwaya waliufikia kwanza, kisha wazee, na Rispa alipokuja na sahani yake alikuta makombo, akayaokota kwa ncha ya kidole nikimwona kwa macho yangu. Ameniagizia sita kwa sikukuu ya mavuno. Nimemjibu kwamba nitafikiria. Nitampikia, bila shaka, ila naye akae wiki moja nyuma ya birika aone kulivyo.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili: mililita mia tatu na ishirini, hadi ukingoni, bila kushindilia. Nazi mbili za kwetu ni kama kopo moja na nusu la tui zito. Kwenye oveni yako tumia moto wa wastani, na usiufungue mlango kila dakika kama mtu anayengoja posa.

Habari haijaisha. Leo asubuhi Baba aliamka, akavaa suruali yake, akaifunga kwa tai kama kawaida, kwani vipande vitatu haviwezi kurudisha tumbo kwa siku moja, akasema anakwenda kwa Masha, fundi bati wa kule njia ya Kongowea. Nikamwambia nitamwita Masha aje nyumbani. Akasema hajapata kuitiwa fundi maisha yake yote. Lenox, Baba hakuwa amevuka lango letu, ila kwa kushikwa mkono kwenda kanisani au zahanati, tangu Krismasi. Leo alivuka kwa fimbo yake, mimi nyuma nikibeba kikombe cha Mama na kuomba Mungu.

Kwa Masha alichagua kikombe kipya cha bati chenye kimo sawa na cha Mama, akaomba kiti, akaomba chuma cha kulehemu. Masha alinitazama, nami nikamwashiria ampe. Baba akakata bati la duara, akalishusha ndani ya kikombe kipya, akalilehemu kimo kilekile cha zamani. Alipomaliza, alijaza maji kikombe cha zamani, akayamimina kwenye kipya. Yakafika ukingoni yakasimama hapo. Halikumwagika tone wala hapakubaki nafasi. Masha akawaita mafundi wenzake waje waone.

Nyumbani amekula sahani nzima ya wali na samaki, akalala, anakoroma mpaka huku nilipo.

Badi anakusalimu na anauliza habari za baridi. Zubeda anasema vitumbua vimesimama, na ukija ufikie kwake kwanza, jambo ambalo silikubali. Masha anakusalimu ingawa hakujui. Elkana mwambie shangazi yake anampenda, na asile nje tena.

Jambo la mwisho. Mpango wangu ulikuwa kukutumia kikombe kipya, na cha Mama kibaki rafuni kwake. Niliiacha barua hii kidogo nikakifunga kwa gazeti, ndipo Baba alipoamka akaja akasimama nyuma yangu. Akakifungua, akakiweka rafuni, akaniletea kile cha zamani. Nikamwambia, Baba, hiki ndicho alichokishika Mama.

"Najua," akasema. "Wewe ulimzika. Lenox hakupata hata kutupa udongo. Mpelekee."

Basi ndicho hicho ulicho nacho. Tia kidole ndani, utamgusa Baba alivyokuwa kijana, na Mama miaka yote iliyofuata. Usikisugue kwa waya wa chuma. Mungu akubarikie mikono yako, akulinde na visu na baridi, akufikishe nyumbani Baba angali anadai ganda lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Dorothy.